Kilembe: udongo upimwe kwanza

Mgodi wa shaba wa Kilembe, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, ulifungwa mwaka 1982. Wachimbaji wakaenda zao na mitambo ikasimama, lakini makapi yamebaki yalipomwagwa: zaidi ya tani milioni 15, ndani ya bonde, ubavuni mwa mto Nyamwamba. Mto huo unashuka mpaka Kasese mjini, na kutoka hapo unaelekea Ziwa George.

Makapi haya si mchanga tu. Yana pairiti, na pairiti ikikutana na hewa na mvua huzaa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha shaba, kobalti na nikeli na kuzishusha kwenye mito na mashamba. Ardhi hubaki na rangi ya kutu, na mmea ukiota hapo huota kwa shida. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliyoibomoa hospitali ya Kilembe yalipita katika bonde hilohilo.

Asiseme mtu kwamba haya ni maneno ya mitaani. Matokeo ya uchunguzi wa kisayansi yalichapishwa mwaka 2016. Watafiti walipima udongo, maji, vumbi la ndani ya nyumba, mboga, hata kucha za watu. Katika robo ya vyanzo vya maji ya nyumbani walivyopima, kobalti ilivuka kiwango walichokitumia kama kikomo. Kwenye mchicha, ule tunaouita dodo, karibu nusu ya sampuli zilikuwa na risasi kupita kiwango cha kimataifa, na takriban moja katika tano ilizidi kwa shaba. Dodo ndiyo mboga ya mama asiye na pesa ya nyama. Miaka imepita, na mkulima wa Kilembe bado hajaletewa karatasi inayomwambia shamba lake liko upande gani.

Kasese mjini kuna funzo la namna yake. Shaba ilikuwa ikipelekwa kwa reli kuyeyushwa Jinja, huku pairiti yenye kobalti ikiachwa hapa, zaidi ya tani milioni moja. Maji yaliyochuruzika kutoka kwenye rundo hilo yaliua majani na kuacha ukanda wa kipara ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulichakata rundo hilo kwa kutumia bakteria ili kupata kobalti. Rundo likapungua. Kwa maneno mengine, usafi mkubwa uliowahi kufanyika Kasese ulifanyika kwa sababu kulikuwa na faida ndani yake. Pasipo na faida, uchafu umeachiwa wenyeji.

Wasomaji wetu wa Bwera watauliza haya yanawahusu nini, maana mto wao ni Lhubiriha na mgodi uko mbali. Yanawahusu sokoni. Mnunuzi anayevuka Mpondwe kutoka Congo hatofautishi mahindi ya Bwera na ya Bulembia, kule Kilembe. Kwake yote ni ya Kasese. Siku uvumi utakapoenea kwamba chakula cha Kasese kina sumu, aliyelima kwenye udongo safi ataumia sawa na aliyelima juu ya makapi. Kinga yake ni vipimo vilivyotangazwa hadharani, shamba kwa shamba. Maabara ya udongo ipo Kawanda, na vijana wa kuchukua sampuli hawakosekani hapa.

Kusafisha nako si ndoto. Hakuna atakayebeba tani milioni 15 kwenda kuzitupa kwingine, wala hatudai hivyo. Tunadai kingo za makapi zikingwe ili mto usiendelee kuzimega, juu yake pawekwe udongo safi na nyasi, na asidi ipunguzwe kwa chokaa. Mawe ya chokaa yamejaa wilayani humu, Hima na Muhokya. Pale vipimo vitakapoonyesha hatari, mboga za majani zihamishwe, mwenye shamba afidiwe, na ardhi ipandwe miti.

Nani alipe? Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inasema aliyechafua ndiye anayelipa, na inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kuamuru ardhi irejeshwe katika hali yake. Tatizo ni kwamba Kilembe Mines ni mali ya serikali. Mdaiwa na mdai wanakaa Kampala, na huenda wanakunywa chai pamoja. Mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kampuni ya Tibet Hima kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 serikali ikauvunja. Makelele yote yalihusu shaba na fedha. Makapi hayakuwa na msemaji.

Kila mwekezaji akija atasema uchafu wa zamani si wake, na atakuwa na haki. Basi serikali ikubali kwamba uchafu huo ni wake, na iutengee fungu kwenye bajeti kabla ya winchi ya kwanza kuzunguka. Mkataba wowote wa Kilembe usiotaja nani anasafisha, kwa fedha zipi na kufikia lini, wabunge wa Kasese waukatae, na sisi wapiga kura tuwaulize walipiga kura gani.