Nani Anatutunzia Blogu Zetu?

Machi 2018 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwezi Mei Mahakama Kuu huko Mtwara ilizisimamisha kanuni hizo kwa muda. Juni, zuio hilo likiwa limeondolewa, Mamlaka ya Mawasiliano ikawataka wote wasiosajiliwa waache kuchapisha.

Mjadala uliofuata ulihusu uhuru wa kusema, na ulistahili kuwa mkali. Kwa mwandishi wa Songea au Kigoma anayeandika usiku baada ya kazi zake za mchana, bila mfadhili, milioni mbili na laki moja ni sawa na kuambiwa anyamaze. Lakini kuna swali ambalo halikupata nafasi katika mabishano yale, na hata sasa, kanuni za 2018 zikiwa zimekwisha kubadilishwa na nyingine za 2020, halijajibiwa: yale yaliyokuwa yamekwisha kuandikwa, nani alikuwa anayatunza? Serikali ilitaka kumjua kila mwenye blogu ili imdhibiti. Orodha ya namna hiyo hiyo ingeweza kuwa mwanzo wa katalogi ya maktaba ya taifa.

Ninaamini kwamba blogu zilizoandikwa katika miaka 20 hivi iliyopita ni sehemu ya urithi wa maandishi wa nchi hii, na kwamba maktaba ya taifa ina wajibu wa kuzihifadhi kama inavyohifadhi vitabu na magazeti.

Tutazame kilichomo. Ndesanjo Macha, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuandika blogu kwa Kiswahili, aliiita yake Jikomboe, na kuanzia hapo akawavuta wengine. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpigapicha wa gazeti la Daily News, alifungua blogu yake akiwa Helsinki, Finland. Ndani ya muda mfupi Watanzania wa London, Houston na Dubai walikuwa wakiifungua asubuhi kabla ya chai. Huko walikuta misiba, harusi, picha za mitaa waliyokulia, matangazo ya ndugu waliopotezana, na hoja zilizoendelea siku kadhaa chini ya picha moja. Wasomaji walimwita Ankal, na neno lake la libeneke likaingia katika mazungumzo ya watu ambao hawajawahi kuonana naye. Mtafiti wa mwaka 2070 atakayetaka kujua Watanzania walioishi ughaibuni walizungumza nini na wale waliobaki nyumbani hataipata habari hiyo katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Ataipata katika blogu hizo, kama zitakuwapo.

Kenya inao mfano mzito zaidi. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi yakiwa yametangazwa na damu imeanza kumwagika, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, aligeuza ukurasa wake kuwa mahali pa kupokea na kutoa taarifa za yale yaliyokuwa yakitokea. Siku chache baadaye akapendekeza ramani ya kuonyesha wapi watu wanashambuliwa. Wenzake waliokuwa na ujuzi wa kompyuta wakaitikia, na hivyo ndivyo Ushahidi ilivyozaliwa Januari 2008. Maandishi ya siku zile ni hati za kihistoria, zilizoandikwa wakati vyombo vikubwa vimefungwa mdomo.

Wapo wanaosema blogu ni takataka. Hoja hiyo si ngeni, na imewahi kutolewa na watu wa maktaba wenyewe. Februari 2005, Michael Gorman, wakati huo rais mteule wa Chama cha Maktaba cha Marekani, aliandika katika jarida la Library Journal makala ya kuwashutumu waandishi wa blogu. Walikuwa wamemshambulia kwa maoni yake kuhusu mpango wa Google wa kunakili vitabu, naye akatilia shaka kama ni watu waliozoea kusoma maandishi marefu na magumu. Wakati huo Jessamyn West, mkutubi mwenzake, alikuwa na blogu yake ya librarian.net tangu 1999, na wakutubi walikuwa wakijifunza kazi yao kwa kusomana katika blogu. Miaka miwili tu baada ya makala ya Gorman, Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kukusanya na kuhifadhi blogu za sheria.

Nakubali kwamba blogu zetu nyingi zilinakiliana habari na picha, nyingine zilieneza uvumi, na zipo ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kubandika kurasa za mbele za magazeti ya siku hiyo. Sasa chukua Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Lilijaa barua za wasomaji, mashairi ya kujibizana, salamu, malalamiko ya bei na ya ndoa. Msomi wa enzi zile angeweza kuziona barua hizo kuwa porojo. Leo wanahistoria wanazipekua moja moja, kwa sababu ndimo zilimobaki sauti za makarani, walimu na wakulima waliokuwa wakijadiliana kwa Kiswahili chini ya Mwingereza. Sauti hizo zimetufikia kwa sababu kuna mahali yalipotunzwa matoleo yake, pamoja na yale ambayo hakuna aliyeyaona kuwa na thamani. Maktaba haihifadhi kitu kwa kuwa ni kweli au ni kizuri. Inakihifadhi ili watakaokuja waweze kupima wenyewe.

Karatasi ina uvumilivu ambao kurasa za intaneti hazina. Gazeti lililosahauliwa ndani ya sanduku laweza kukaa miaka 60 likasomeka. Blogu yenye anwani yake ya kulipia hutoweka mwenyewe anaposhindwa kulipa ada ya mwaka, na iliyo kwenye huduma ya bure inategemea uamuzi wa kampuni iliyoko ng'ambo. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa 2024 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la faragha. Blogu zetu zilibandika picha za wafiwa wakilia, majeruhi wa ajali, watoto wa shule, watuhumiwa ambao baadaye waliachiwa huru. Mtu aliyepigwa picha siku ya aibu yake mwaka 2009 ana haki ya kutaka isahauliwe. Hapa ndipo pa kujifunza kutoka kwa waliotutangulia. Denmark ilianza kutumia sheria ya kuhifadhi kurasa za nchi hiyo mwaka 2005, lakini hifadhi yake haiko wazi kwa kila mtu: mtafiti huomba ruhusa. Uingereza ilianza kutumia kanuni zake Aprili 2013, na sehemu kubwa ya kinachokusanywa husomwa ndani ya majengo ya maktaba zilizotajwa na sheria. Sisi nasi tunaweza kukusanya kwa mapana na kufungua kwa uangalifu, tukaweka utaratibu wa mtu kuomba picha yake ifungwe kwa miaka kadhaa.

Wengine husema kazi hii inafanywa tayari na Internet Archive ya San Francisco, ambayo tangu 1996 imekuwa ikinakili kurasa za dunia nzima. Ninawashukuru kwa dhati, maana yapo maandishi ya Kiswahili yasiyopatikana pengine popote. Lakini Oktoba 2024 walishambuliwa na wadukuzi, na kwa siku kadhaa hifadhi hiyo haikufunguka. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza nayo ilivamiwa, na huduma zake nyingi zikakwama kwa miezi. Taasisi zenye fedha na wataalamu kuliko sisi zimetikisika. Usalama uko katika nakala nyingi zilizotawanyika, na nakala mojawapo ya maandishi ya Kiswahili lazima iwe Afrika Mashariki, mikononi mwa watu wanaoisoma lugha hii na wanaoweza kutofautisha blogu ya taarabu na ya mawaidha bila kuulizia.

Uwezo wa kiufundi si kikwazo kama watu wanavyodhani. Programu ya Heritrix, ambayo hupita ukurasa hadi ukurasa ikinakili maandishi, picha na viungo, ilibuniwa na Internet Archive kwa ushirikiano na maktaba za taifa za nchi za Nordiki, na ni ya bure. Kinachokosekana ni agizo. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1975, iliyotungwa wakati kuchapisha kulimaanisha wino na karatasi. Sheria hiyo irekebishwe, itaje wazi kurasa za intaneti, na iipe Bodi fungu la fedha na wakutubi waliofunzwa kazi hii. Maktaba Kuu aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967 haikukusudiwa iishie kwenye vitabu vya enzi hiyo.

Kabla ya sheria, lipo la kuanza nalo sasa. Kizazi cha waandishi wa blogu wa kati ya 2005 na 2010 bado kiko hai kwa sehemu kubwa. Wana nywila zao, wana picha halisi katika diski zilizoanza kuharibika, na wanakumbuka nani alijificha nyuma ya lakabu gani. Bodi iwaandikie barua, mmoja mmoja, iombe nakala za kazi zao pamoja na idhini ya kuzihifadhi, na iwahoji wakiwa na kumbukumbu. Kwa wale watakaokubali, kazi hiyo haina sababu ya kusubiri Bunge.