Jina la Chanjo na Uhai wa Mtoto

Istilahi za sheria na za tarakilishi zimejadiliwa na wanaisimu wa Kiswahili kwa miaka mingi. Zile za kliniki ya watoto, aghalabu, zimeachiwa wauguzi. Mathalani, mama huambiwa kwamba mwanawe amepewa "chanjo ya kuhara". Mtoto akiharisha mwezi unaofuata, mama huyo atalaumiwa vipi akisema kwamba amehadaiwa, na asimrudishe mtoto kwa matone yaliyosalia?

Kuhara ni dalili, na visababishi vyake ni chungu nzima. Chanjo hii humkabili adui mmoja tu, yaani virusi vya rota, ambavyo Ruth Bishop na wenzake walivigundua mjini Melbourne mwaka wa 1973. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake gurudumu, kwa jinsi virusi hivyo vinavyoonekana kwenye darubini. Hushambulia utando wa utumbo mwembamba, na mtoto akatapika na kuhara hadi maji na chumvi vikamwishia mwilini. Inakadiriwa kwamba mwaka wa 2000 viliwaua watoto wapatao 528,000 wa chini ya miaka 5 ulimwenguni. Kufikia mwaka wa 2013 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 215,000. Sifa zote za upungufu huo haziwezi kupewa chanjo, kwani maji ya chumvi na sukari nayo yameokoa wengi.

Wapo wanaoshikilia kwamba maji safi na vyoo vyatosha. La hasha! Kabla ya chanjo, hata nchini Marekani, ambako mifereji haikauki, karibu kila mtoto aliambukizwa virusi hivi kabla ya kutimiza miaka 5. Tofauti ni kwamba wa huko aliwahishwa hospitalini.

Ushahidi wa manufaa ya chanjo ni bayana. Nchini Mexico, vifo vya kuhara vilikuwa takriban 18 kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 5 kabla ya chanjo kuenezwa. Mwaka wa 2008 vilikuwa vimepungua hadi takriban 12. Vijijini Malawi, nchi iliyoanza kuitoa mwaka wa 2012, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza vifo vya kuhara miongoni mwa watoto wachanga kwa asilimia 34. Vifo hivyo ni vya kuhara kwa jumla, wala si vya rota pekee.

Kwa Kenya, majaribio yaliyofanywa pamoja na Ghana na Mali yalionyesha kinga ya asilimia 39 hivi dhidi ya ugonjwa mkali wa rota, na msomaji mwepesi wa kuhukumu huenda akaibeza. Lakini palipo na vifo vingi, hata kinga ya kadiri huokoa watoto wengi. Isitoshe, baada ya chanjo kuanza kutolewa nchini mwezi wa Julai 2014, uchunguzi wa watoto waliolazwa ulionyesha kinga ya asilimia 64 dhidi ya rota kali inayomlaza mtoto hospitalini.

Neno "chanjo" nalo lina mtego wake. Kuchanja ni kukata ngozi, na matone haya hutiwa mdomoni bila kuacha kovu wala alama. Mzazi asiyeona jeraha huona dawa ndogo, ilhali aliyeahidiwa kinga ya kuhara kote huona dawa iliyoshindwa. "Chanjo ya rota" ni jina la kweli zaidi, japo geni masikioni. Wataalamu wa Kiswahili waketi na wauguzi walitungie maelezo mafupi ya kuambatana nalo: kwamba matone haya humkinga mtoto na kuhara kwa aina moja iliyo hatari mno, kwamba akihara bado, anyweshwe maji ya chumvi na sukari mara moja, na kwamba tarehe ya matone yanayofuata haibadiliki.