Kindi Hafugiki, Tumwache Mtini

Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, au mwembe wa zamani ukikatwa kupisha nyumba, huenda chini yake akaonekana kindi mchanga aliyeanguka. Mtoto humwokota, akamtia katika kofia yake na kumpeleka nyumbani. Wakubwa wakiyaona macho yake ya duara na mkia wake wa manyoya, hucheka na kusema, "Haya, mfuge." Hapo ndipo dhiki inapoanza: ya kindi kwanza, kisha ya wenye nyumba.

Sisemi kuwa kufuga ni haramu. Watu wa pwani tumefuga njiwa na paka tangu jadi, na tumepokea katika hadithi kuwa Mtume (S.A.W.) alimliwaza mtoto aliyefiwa na ndege wake mdogo, wala hakumkemea kwa kumfuga. Lakini pia tumepokea habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia hata akafa, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki. Basi swali ni hili: je, mnyama huyu twaweza kumtimizia haki yake? Kwa kindi, jibu langu ni la.

Tuanze na chakula. Wengi humpa maziwa ya ng'ombe, akahara na kufa. Akinusurika, hulishwa mkate na wali, na mifupa yake ikalegea kwa kukosa madini. Huko mtini hula matunda, kokwa, machipukizi, hata wadudu.

Kisha meno. Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua maisha yake yote, na lazima atafune vitu vigumu ili yapungue. Nyumbani atatafuna kiti, pazia na waya wa umeme. Akikosa cha kutafuna, meno hurefuka hata ashindwe kula.

Tena iko tabia. Akiwa mchanga hulala kiganjani, lakini akikomaa huuma, na jino lake huzama. Wahenga walisema tabia haina dawa. Paka amezaliwa katika kizazi kilichozoea watu maelfu ya miaka. Kindi hakuzoeshwa hata na babu yake. Kumtia tunduni ni kumtaka awe asiyekuwa.

Na serikali nayo ina neno. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa mwituni bila kibali.

Basi aliyeanguka afanyiweje? Awekwe katika kikapu chenye kitambaa, chini ya mti ule ule, na paka wafukuzwe. Watu wakijitenga, mara nyingi mama yake hushuka akambeba kwa mdomo; harufu ya mkono wa binadamu haimzuii. Asipokuja hadi jioni, au mtoto akiwa na jeraha, waarifiwe maafisa wa wanyamapori, KWS.

Kindi mwekundu wa pwani yetu angali anarukaruka katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na hata katika miti ya mitaani palipobaki miti. Ampendaye na auache mwembe wake usimame. Hilo ndilo tundu analolitaka, na mlango wake hauna komeo.