Mkono wa Hina Unaweza Kuandika Bismillah

Mwenzetu aliyeolewa Manyamanyama, kule Bunda, alitutumia picha ya kadi za harusi yake. Bismillah imechapwa herufi moja moja, zimeachana, tena zimepangwa kuanzia kushoto. Haisomeki! Na kadi zilikwishagawiwa.

Tukisema wasichana wafundishwe khati, tunajibiwa eti hiyo ni kazi ya mafundi wa kiume, au ni mapambo tu, kusoma kunatosha. Hatukubali. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, ukahifadhiwa kwa herufi za Kiarabu. Hata kanga za zamani zilikuwa na majina yaliyoandikwa kwa herufi hizo hizo. Leo tunanunua fremu ya plastiki, tunaitundika sebuleni bila kuikagua.

Tena mkono tunao. Mchora hina humpamba biharusi vidole vyote kumi bila rula, ua hili lilingane na lile. Khati inataka mkono huo huo, na kipimo chake ni nukta: urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta za kalamu inayoandika. Kalamu yenyewe ni tete, na matete yamejaa kandokando ya Ziwa Victoria. Unalikausha, unalichonga kwa kisu kikali, ncha unaikata mshazari. Gharama iko wapi hapo?

Mwenzetu keshachonga lake. Wiki hii anarudiarudia bee, na wifi zake wawili wameomba kukaa naye.