FILAMU SI HOTUBA

Wazee wetu wa Visiwani walijaza majumba ya sinema kuangalia filamu za Kihindi, hali wengi wao hawakukijua Kihindi. Katika Mother India ya mwaka 1957, Nargis, aliyecheza mama wa mkulima fukara, anavuta plau kwa mabega yake mahali pa ng'ombe. Hapo hapakuhitajika mkalimani. Picha ilionesha dhiki, na muziki ukaeleza uchungu.

Hiyo ndiyo lugha ya filamu. Uso uliosogezwa karibu hutoboa siri ya moyo. Mawimbi yasikikayo kabla ya kuonekana humuandaa mtazamaji. Na ukimya hushinda maneno mengi.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kuona baadhi ya filamu za kuelimisha umma zikiwa ni mtu aliyeketi mezani akisoma karatasi. Mvuvi hatoziacha nyavu za kukokota kwa kusomewa kifungu cha sheria. Aoneshwe matumbawe yaliyovunjika, na dau lirudilo pwani tupu.

Tunazishauri taasisi za Serikali zinazoagiza filamu hizo ziwaachie mafundi wa picha na sauti kazi yao. Kiongozi mwenye hotuba, mkutano upo.