SEHEMU YA 7: KUMWACHIA MUNGU SIYO KUBAKI NYUMBANI

Nimetoka zamu ya usiku, baridi ya Sumbawanga mnaijua.

Kuna mama tulimpokea kutoka kule bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Alijifungulia nyumbani, damu ikawa haikati. Ndugu wakasema, "Tumwachie Mungu, yeye ndiye anajua." Saa zikapita ndipo wakatafuta pikipiki ya kupandisha mlima. Yuko hai, ila ilibaki kidogo tu.

Mimi pia ni Mkristo. Naamini hekima ya Mungu inazidi yangu. Nimeona niliowakatia tamaa wakitoka wodini kwa miguu yao, na niliodhani wamepona wakituacha. Kesho siijui.

Lakini someni Isaya 38. Hezekia alishaahidiwa na Mungu miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake. Ahadi ilikuwepo, na dawa ikatumika.

Jamani, tusimsingizie Mungu uchelewaji wetu! Mzazi anayetokwa na damu nyingi anaweza kufa ndani ya saa chache. Ombeni, ila ombeni mkiwa njiani. Nauli na watu wa kuchangia damu viandaliwe mapema, kabla uchungu haujaanza. Mkishafanya yaliyo mikononi mwenu, yanayobaki ndiyo ya kumwachia Mungu. Hapo hata mimi huwa napiga magoti.

Sehemu ya 8: dalili za hatari kwa mjamzito. Mbarikiwe.