Mwizi wa Kuku ni Nani?

Katika nchi ya Bukoba na Muleba ni shida kuona nyumba isiyo na kuku. Mchana huchakura chini ya migomba ya kibanja, na jioni hurudi uani. Ng'ombe ni mali ya wachache, na kahawa huvunwa kwa msimu wake. Lakini kuku ni akiba iliyo karibu siku zote. Mama akikosa chumvi au sabuni, huuza mayai. Mtoto akihitaji madaftari, huuzwa jogoo. Kwa hiyo kuku akiliwa na mnyama, si kitoweo tu kilichopotea, bali pengine ni sare ya shule ya mtoto fulani.

Jambo hili likitokea, watu husema, "Kicheche ametuibia," au, "Mwewe ametumaliza." Kisha hutafuta mkuki, mtego, hata sumu. Mimi naona kwamba lawama hiyo haikuwekwa mahali pake. Kicheche hutafuta chakula kama alivyoumbwa; mwenye akili ya kufunga mlango ni mwanadamu. Mwizi wa kwanza wa kuku wetu ni uzembe.

Yatupasa kwanza kuwajua adui na saa zao. Mchana yuko mwewe. Hupaa juu akizunguka, kisha hushuka ghafula na kunyakua kifaranga mbele ya mamaye. Kuku mkubwa hamwezi, kwa kuwa ni mzito mno kwake. Nguchiro naye hutembea mchana, akinyemelea mayai na vifaranga vichakani. Na kandokando ya Ziwa Viktoria yuko kenge, mpenzi mkubwa wa mayai. Usiku huja kicheche, fungo, paka-mwitu, na kanu mwenye madoa na mkia mrefu wa pete, ambaye hupanda miti kama paka. Tena wako siafu. Msafara wao ukifika kwenye kiota, kuku anayelalia mayai hutaabika sana, na vifaranga huliwa wazima.

Adui wa usiku ndio wabaya zaidi. Kuku haoni vizuri gizani. Akiisha kutua mahali pake pa kulala, hakimbii hata adui amfikie. Mnyama mmoja akiingia ndani aweza kuua kuku wengi kuliko anaoweza kula.

Basi, dawa ni nini? Ni banda jema. Liinuliwe juu ya nguzo, kadiri ya mita moja kutoka chini. Sakafu iwe ya fito zilizoachana kidogo, ili mavi yaanguke chini, nayo yatakuwa mbolea nzuri ya migomba. Kuta ziwe za matete au mianzi iliyofungwa sana, kwa maana mahali kinapopita kichwa cha kicheche, mwili wake nao hupita. Paa lizuie mvua, ambayo Bukoba hunyesha kwa wingi. Nguzo zivikwe bati laini ili panya na nyoka wateleze, na miguu yake isimame katika makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo, siafu wasipande. Majani marefu yafyekwe pande zote, maana adui hapendi kupita mahali peupe.

Vifaranga wana shauri lao. Katika majuma manne ya kwanza wakae pamoja na mama yao chini ya tenga, wapewe chakula na maji hapo hapo. Baadaye waachwe watembee chini ya migomba, kwa kuwa mwewe hawezi kushuka kwa urahisi kati ya majani mapana. Hatari yao ni uani palipo wazi na ukingoni mwa rweya.

Wengine watajibu, "Banda ni gharama." Tufanye hesabu. Kuku ametotoa vifaranga 10. Mwewe amechukua 4, nguchiro 2, na usiku mmoja kicheche amemaliza 3. Amebaki mmoja. Matete hukatwa bondeni, fito hupatikana shambani, na kazi ni ya siku chache. Je, gharama iko wapi, katika kujenga au katika kutojenga? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine husema, "Tuwalaze jikoni, kama zamani." Ni kweli kwamba huko kicheche hawafikii kwa urahisi. Lakini viroboto, utitiri na vumbi la mavi huwasumbua watu wa nyumba. Haifai kumwokoa kuku kwa kumdhuru mtoto.

Wako pia wasemao, "Tuwaue wanyama hawa wote kwa sumu." Shauri hili ni baya. Sumu haichagui, nyama iliyotiwa sumu huliwa na mbwa wa jirani, na mzoga wake huua ndege waulao. Tena kanu, bundi na mwewe hula panya, ambao huharibu vyakula vyetu. Mwaka 1872 mwenye shamba mmoja wa miwa katika kisiwa cha Jamaika alileta nguchiro 9 kutoka Bara Hindi ili wale panya. Panya walipungua kwanza. Lakini nguchiro walizaana, wakala kuku na ndege wa porini, hata watu wakajuta. Hao waliongeza mnyama bila kufikiri. Nasi tukiwaondoa wanyama bila kufikiri, twaweza kuvuna majuto kama yao. Tena sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori hairuhusu kuwinda bila kibali.

Liko faida jingine katika banda. Kideri ni ugonjwa uwezao kumaliza kuku wa kijiji kizima, wala mlango hauuzuii. Kinga yake ni chanjo ya matone ya jichoni, itolewayo kila miezi mitatu. Kuku walalao juu ya miti ni taabu kuwakamata. Walalao bandani huchanjwa wote asubuhi moja kabla ya kufunguliwa.

Enyi vijana, kazi hii yawafaa ninyi. Kila jioni kabla ya giza wahesabuni kuku, tazameni kama pana tundu jipya, kisha fungeni mlango. Akikosekana mmoja, mtafuteni wakati huo huo, msingoje asubuhi. Nanyi msimlaumu kicheche kabla hamjautazama mlango.

Maswali

1. Taja adui wawili wa mchana na wawili wa usiku.
2. Kwa nini vifaranga huwa salama zaidi chini ya migomba kuliko uani?
3. Mwandishi anakataa sumu kwa sababu gani? Wewe waonaje?